Saa moja iliyobaki uipe pepa gani?

Mpwa wangu alikua amelala kifudifudi sakafuni na rula na penseli za rangi, anachora ratiba ya kusoma. Masomo matano, kila somo na rangi yake, kila kiboksi sawa na mwenzake, saa mbili mbili kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, yaani karatasi imependeza mpaka unatamani uiwekee fremu. Alafu akaacha kuchora akaniangalia.

"Anko, leo imebaki saa moja tu kabla sijalala. Nisome nini?"

Nikamwambia si uangalie ratiba yako inasemaje. Akasema ratiba inaanza kesho.

"We mwenyewe unaonaje?"

"Hesabu ndo nimeoza," akasema. "Ila saa moja ya hesabu naijua, nitakaa na swali moja mpaka usingizi unichukue na hamna nitakachopata. Historia kwa saa moja namaliza topiki nzima. Lakini historia nipo vizuri. Sasa nisome ninachokijua au nisome nisichokielewa?"

Sikua na jibu.

Na sio kwamba swali lilikua la kitoto, manake mimi mwenyewe nasoma jioni huku nafanya kazi, mitihani yangu ilikua njiani, na kila nikirudi nyumbani nimechoka nina muda kidogo nasimama mbele ya yaleyale madaftari nikijiuliza hichohicho kwa maneno mengine. Yeye alisoma historia akalala zake. Mimi ndo nikabaki na swali lake kwa wiki kadhaa.

## Kugawa sawa ni kukwepa kugawa

Karibu kila mtu anaanza kwa kugawa sawa, na naelewa kwa nini. Ukigawa sawa hutakiwi kumweleza mtu chochote. Tatizo ni kwamba masomo sio watoto wa nyumba moja, ukimpa mmoja zaidi mwenzake hanuni, kemia haina wivu na biolojia haitakuuliza kwa nini jana ulikua na historia. Anayetafuta amani hapo ni mwenye ratiba.

Wengine wanagawa kwa unene wa noti. Daftari nene, muda mwingi. Inasikika ina akili ila unene wa noti unategemea zaidi mwalimu anaandikisha vipi ubaoni, mtihani hauhusiki.

Na kuna wanaogawa kwa hofu. Hawa wako wa aina mbili, wale ambao hofu inawafungia kwenye pepa moja mpaka nne zilizobaki zinaoza, na wale ambao hofu inawafukuza, kila siku wanasafisha meza, wanapanga kalamu, wanaanza na "kitu chepesi kwanza", na kile kizito hakifikiwi. Nimewahi kukaa pande zote mbili kwahiyo sina wa kumcheka.

## Mjerumani wa 1854

Nilipokua nazungukazunguka na hili swali nikakutana na Hermann Heinrich Gossen, Mjerumani aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali ya Prussia, ambae mwaka 1854 alichapisha kitabu kilichokosa wasomaji kabisa. 1858 akakiondoa sokoni, na mwaka huohuo akafariki. Wachumi walikuja kumkumbuka baadae sana.

Alichokua anauliza Gossen ni hiki: mtu ana muda mfupi na raha nyingi, agaweje? Akasema kila raha inapungua utamu kadri unavyoiendeleza, kwahiyo gawa hivi kwamba kile kipande cha mwisho cha muda unachokiweka kwenye kila raha kikupe utamu ulio sawa. Ukiona huku kipande cha mwisho ni kitamu kuliko kule, hamisha.

Toa raha, weka pepa.

Tuseme historia uko kwenye 70. Saa mbili za kwanza zinakupeleka 76, mbili zinazofuata 79, mbili za tatu 80. Lugha uko kwenye 55, saa mbili za kwanza zinakupeleka 60, alafu 64, alafu 67. Una saa sita. Ukizimwaga zote kwenye historia umepata maksi kumi. Ukizimwaga zote kwenye lugha umepata kumi na mbili. Ukiipa historia mbili tu na lugha nne, umepata kumi na tano. Saa ni zilezile, kichwa ni kilekile.

Kilichonikamata sio jumla, ni jinsi swali lilivyogeuka. Mimi na mpwa wangu wote tulikua tunauliza historia ipate saa ngapi kwa wiki. Gossen haulizi hivo. Anauliza saa hii inayofuata, hii moja, ukiiweka wapi ndo itakuletea zaidi, alafu ukishaitumia unauliza tena upya, kwa sababu sasa hali imeshabadilika. Mtu aliyesoma historia jana leo si yule wa jana.

Nikaona nimemaliza. Nikakaa nalo siku chache nikiwa na furaha kabisa.

## Hesabu ikaharibu mahesabu

Alafu nikakumbuka maneno ya binti mwenyewe. Saa moja ya hesabu, hamna anachopata.

Sasa mpe kanuni ya Gossen aifate. Jumatatu usiku: saa moja, hesabu inaleta sifuri, historia inaleta maksi mbili, soma historia. Jumanne usiku: hesabu sifuri, historia moja na nusu, soma historia. Jumatano hivohivo. Historia itapungua utamu mpaka iwe robo maksi na bado robo ni kubwa kuliko sifuri, kwahiyo hesabu haitaguswa mpaka siku ya mtihani, na kila usiku peke yake uamuzi utakua sahihi. Hicho ndo kilinisumbua. Unaweza kuamua vizuri kila siku ukafika pabaya.

Shida ni kwamba kanuni inadhani faida inaanza kubwa ndo inapungua. Kwa historia ni kweli. Kwa hesabu ya mtu ambae msingi umeyumba ni kinyume kabisa, saa za mwanzo haziletei chochote unachoweza kukiona kwenye karatasi, unapambana na milinganyo ya kwadratiki wakati kutafuta vigawo bado kunakutoa jasho, unakosa, unafuta, unakosa tena, alafu siku moja vigawo vinakaa, na ndani ya siku mbili unashangaa maswali ya topiki tatu tofauti yamefunguka kwa pamoja kwa sababu yote yalikua yamefungwa na kitu kimoja. Baada ya hapo ndo inaanza kupungua kama historia.

Kwahiyo somo la namna hiyo usiliulize habari ya saa moja. Liulize habari ya fungu.

Yaani: nikikusanya saa kumi na mbili kabla ya siku ya mtihani, nikazilinda zisiguswe, zitanivusha pale panapofunguka? Kama jibu ni ndio, zitafutwe zote, hata kama usiku wa kwanza na wa pili hamna kitu. Kama hazipatikani kabisa, au hata zikipatikana hazitoshi, basi bora uchukue maksi nyepesi zilizopo kwenye somo hilo na saa nyingine uzipeleke panapolipa.

Kibaya kuliko vyote ni katikati. Saa nne kati ya kumi na mbili. Umelipa na hujapokea, na zile nne umezitoa kwenye lugha ambayo ingekupa kitu. Na ukiangalia ratiba ya viboksi sawa sawa, ndo inachokifanya kwa kila somo gumu, inalipa nusu.

Hapa nilikwama kwa muda. Manake upande mmoja mantiki inakwambia kuna wakati inabidi uache, upande mwingine nani atamwambia mtoto anaejitahidi kwamba hiyo topiki achana nayo? Si ndo kumfundisha kukata tamaa? Na kama swali la lazima likitoka hukohuko alikoachia, nitamwangalia vipi? Nilijaribu kujituliza kwamba kuacha kwa makusudi ni tofauti na kukimbia. Bado nadhani ni tofauti, ila ukiwa ndani yake unakua huna uhakika uko upande gani.

## Ngumu ya aina gani

Ushauri tunaopewa wote ni mmoja: somo gumu lipe muda zaidi. Mwaka 1988 watafiti wa saikolojia Thomas Nelson na Jacob Leonesio waliangalia watu wanavyojipangia muda wa kujifunza vitu vyepesi na vigumu. Walioambiwa wahakikishe wamejua kila kitu waliongeza muda kwelikweli kwenye yale magumu, na muda wote ule wa ziada ukawaletea faida ndogo sana au wakatoka patupu. Mtu anakaa, anasukuma, jiwe halisogei, na anaamka akijisikia amefanya kazi.

Janet Metcalfe na Nate Kornell walikuja miaka ya baadae na wazo ambalo kwangu lina maana zaidi: muda unalipa vizuri kwenye vile vitu ambavyo umekaribia kuvijua. Kile unachokijua tayari hakikuongezei, kile kilicho mbali sana hakifikiki leo, kilichopo pale kwenye ukingo ndo cha kukamata.

Hii ikanirudisha kwenye sentensi ya mpwa wangu, "hesabu ndo nimeoza". Hesabu ipi?

Tukakaa tukaorodhesha topiki zote za hesabu kwenye karatasi, alafu kila moja akaiandikia mojawapo kati ya haya: naijua, naijuajua, siijui. Alikua anataka kuandika siijui kuanzia juu mpaka chini, nikamwambia kila siijui lazima aniambie swali la topiki hiyo linafananaje. Ikawa ngumu kudanganya. Takwimu, naijuajua. Uwiano na asilimia, naijua kabisa. Vekta, naijuajua. Algebra, siijui. Jiometri ya duara, siijui na sitaki kuiona.

Kumbe saa moja ya usiku ilikua na kazi humohumo ndani ya hesabu. Saa moja ya takwimu ni saa yenye faida. Saa moja ya algebra ndo ile ya kulala na swali moja.

Tangu hapo nimeacha kugawa muda kwa masomo. Somo ni jina la kwenye cheti tu, ndani yake kuna vitu kumi visivyofanana, vingine viko mlangoni vinasubiri, vingine viko mbali. Ratiba inayosema "Jumanne: kemia" haijasema kitu. Ile inayosema "Jumanne: kubalansi milinganyo, maswali nane, bila kuangalia majibu" hiyo unaweza kuikamata ukiwa umechoka.

## Sasa unajuaje kama unaijua?

Haya yote ya juu yanasimama kwenye kitu kimoja, kwamba unajua uko wapi. Na hapo ndo watu wengi tunaanguka bila kusikia kishindo.

Ukisoma noti za historia mara ya nne, macho yanateleza. Unaona kichwa cha habari unajua aya inayofata inasema nini. Unajisikia umeiva. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilifanyia jaribio zuri, wakalitoa 2006. Kundi moja lilisoma maandishi mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja alafu mara tatu likajaribu kukumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, hao wengine 71. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: waliosoma mara nne wakabaki na 40, waliojijaribu wakabaki na 61.

Angalia hizo dakika tano. Hizo ndo zinatudanganya, kwa sababu sisi tunapojipima tunajipima hapohapo kitabu kikiwa bado kina joto, na tunagawa muda kulingana na hiyo hisia. Somo ulilolirudia sana linaonekana limekamilika, ulilojijaribu likakutoa jasho linaonekana baya. Inawezekana ni kinyume.

Jingine la namna hiyo ni la Doug Rohrer na Kelli Taylor, 2007, kwenye hesabu. Wanafunzi waliopewa maswali ya aina moja moja kwa mfululizo walipata asilimia 89 kwenye mazoezi, na waliochanganyiwa aina zote walipata 60. Wiki moja baadae kwenye mtihani wenyewe, wale wa 89 walipata 20, na wa 60 wakapata 63. Nilipolisoma nilirudi nyuma nikasoma tena nikidhani nimegeuza namba.

Na linaeleweka ukifikiria. Ukisolvu maswali ishirini ya kanuni moja, swali la kumi huliangalii tena, unajua ni kanuni ipi. Kwenye mtihani hakuna anaekwambia. Kazi ya kwanza ya mtihani ni kujua hili swali ni la wapi, na hiyo kazi mazoezi ya mfululizo hayakupi hata mara moja.

Kwahiyo nikamwambia mpwa wangu kabla ya kuchora ratiba nyingine fanya pasti pepa moja ya kila somo, daftari limefungwa, saa inatembea. Alichukia. Ni haki yake, manake ni kufanya mitihani mitano ili upange namna ya kusomea mitihani mitano. Nikamruhusu afanye nusu pepa kwa kila moja.

Historia, ile aliyosema yupo vizuri, ilimuumbua. Alikua anajua matukio ila swali la insha lilitaka sababu na hoja, akaandika hadithi. Biolojia alikua juu kuliko alivyodhani. Kemia katikati, kama ilivyotarajiwa. Lugha sawa. Hesabu tunaijua.

Mipango yetu yote ya mwanzo ilikua imejengwa juu ya "historia nipo vizuri".

## Maksi hazina uzito mmoja

Hili nalipitia haraka ila lipo. Kama kufaulu ni 40, kutoka 37 mpaka 41 sio sawa na kutoka 82 mpaka 86, japo zote ni maksi nne. Mwenye masharti ya somo fulani kwa ajili ya anakotaka kwenda, somo hilo lina uzito wa peke yake. Anaetafuta wastani tu, maksi ni maksi, akaziokote popote zilipo rahisi. Watu wanagombana kuhusu njia bora ya kugawa muda wakati kila mmoja anatafuta kitu tofauti.

Linalonichekesha ni somo tunalolipenda. Hilo halihitaji nafasi kwenye ratiba, linajiibia lenyewe. Mpwa wangu akichoka na kemia anapumzika kwa kusoma biolojia. Kwenye viboksi vyake biolojia ina saa mbili, kwenye maisha yake ina nne, na ndo maana pepa ile ilimpa maksi asizozitarajia. Sikumkataza. Ila nilimwambia asiihesabu kama mapumziko na asiihesabu kama kazi, aiwekee kikomo tu, manake saa ya ziada ya biolojia iliyofika juu ndo ileile saa ya mwisho ya Gossen isiyo na utamu.

Na zile saa tunazoziiba kwenye usingizi? Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walitumia wanafunzi wawili tu, wakawakaririsha silabi zisizo na maana, wakaona wanakumbuka zaidi baada ya kulala kuliko baada ya kukaa macho kwa muda uleule. Tangu hapo mambo mengi yamechunguzwa kuhusu usingizi na kumbukumbu. Mimi ninachokiona ni cha kawaida zaidi, mtu akikesha na kemia leo, anaelipa bili ni somo la kesho asubuhi, na kwenye ratiba haionekani popote kwamba limekopwa.

## Kalenda nayo ina maneno yake

Mpaka hapa nimeongea kama vile mitihani yote ni siku moja. Haiko hivo, na tarehe zinabadilisha kila kitu.

Pepa ya kwanza inakula. Iko karibu, inatisha, kila siku unaiongezea, na pepa ya mwisho inaambiwa "we bado una muda". Alafu inafika siku mbili kabla ya hiyo ya mwisho, umechoka, kichwa kimejaa, na ndo unafungua daftari. Dawa niliyoiona inafaa ni kupanga kwa kurudi nyuma, unaanza na pepa ya mwisho, unaipa siku zake za mapema wakati akili bado ni mpya, alafu unarudi hivohivo mpaka ya kwanza. Nafasi zilizopo katikati ya mitihani usizihesabu kama kusoma upya. Zihesabu kama kukumbushia.

Kuna suala la umbali pia. Nicholas Cepeda na wenzake, 2008, walitumia watu zaidi ya 1,350 kutafuta pengo zuri kati ya kusoma mara ya kwanza na kurudia. Pengo linategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Kwa mtihani wa wiki moja mbele pengo zuri lilikua kama asilimia 20 mpaka 40 ya muda huo, yaani siku moja na nusu hivi mpaka karibu tatu. Kwa mtihani wa mwaka mmoja mbele, asilimia 5 mpaka 10. Kwahiyo topiki moja saa nne kwa mpigo na topiki hiyohiyo saa mbili leo na mbili keshokutwa sio kitu kimoja japo kwenye jumla ni nne.

Alafu vitu vinaharibika kwa kasi tofauti. Kujua kusolvu swali la algebra kukishakaa kunakaa, hakuna haja ya kukusogeza karibu na mtihani. Tarehe za historia, majina ya sehemu za seli, valensi za kemia, hivyo ukivikariri mapema unavikariri mara mbili. Nilipoanza kupanga hivi nikagundua nusu ya ugomvi wangu wa "ngapi" ulikua ni ugomvi wa "lini". Hesabu haikua inahitaji kuinyang'anya historia muda, ilikua inahitaji kuwa mbele, na historia ya kukariri ikae nyuma.

## Makadirio

Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokua wanamalizia utafiti wao wa mwisho wa chuo watatumia siku ngapi, wakachapisha majibu 1994. Wastani wa makadirio ulikua siku 33.9. Wakawaambia kadirieni mambo yote yakienda vibaya kabisa, wakasema 48.6. Wakatumia 55.5.

Yaani hata ubaya wao ulikua na matumaini.

Sasa ratiba yenye viboksi vilivyojaa kuanzia asubuhi mpaka usiku ni hiyo 33.9. Siku ya kwanza ukiumwa kichwa imeshakufa, na ikifa mtu haitengenezi, anaitupa. Tuliyoichora upya ina jioni mbili kwa wiki hazina jina. Mpwa wangu aliziona ni uvivu. Wiki ya kwanza tu zote mbili zililiwa na algebra iliyogoma kuisha kwa wakati, na fungu lake likasalimika bila kugusa la kemia.

## Tulipofikia

Algebra ilipewa fungu zima, wiki mbili za mwanzo, kila siku, hata zile siku ambazo haikulipa. Vigawo vimekaa. Milinganyo ya kwadratiki nayo, nusunusu. Jiometri ya duara tumeiacha, nimesema tumeiacha na mdomo wangu, anajua nadharia mbili za maksi nyepesi na basi. Historia imehama kutoka kusoma noti kwenda kuandika mipango ya insha, sio insha nzima, hoja tano na mifano yake, dakika kumi na tano, funga.

Mimi kwenye mitihani yangu nimeacha sura moja nzima, na nimelala vizuri kuhusu hilo siku kadhaa, siku nyingine hapana.

Ambacho hatujakubaliana ni Jumatano jioni. Pepa ya kemia ni Jumatano, ya historia Alhamisi asubuhi, ya hesabu Ijumaa. Mimi nasema jioni hiyo ni ya historia peke yake, tarehe na mifano, kwa sababu ndo vinavyoharibika haraka, na hesabu ina Alhamisi mchana nzima. Yeye anasema akilala bila kugusa hesabu hata kidogo hatapata usingizi, na asipopata usingizi historia itakua imepata hasara kubwa kuliko nusu saa. Nimetafuta kosa kwenye hiyo hoja sijaliona vizuri, ila bado ile nusu saa ningeipeleka kwenye historia. Amekataa. Ratiba inasema Jumatano: historia, nusu saa ya vekta, kulala.